Kufunga Kwaresma Penye Samaki Wengi

Leo nataka kusema nanyi habari za Kwaresma, yaani zile siku arobaini ambazo Wakristo hujitengeneza roho zao kabla ya Pasaka. Nami nitazieleza kwa kuangalia kisiwa cha Mafia, ambako jambo hili lina ugumu wake wenyewe.

Mafia, kama mjuavyo, ni kisiwa kielekeacho milango ya mto Rufiji, na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo vi karibu nacho. Watu wake walio wengi ni Waislamu tangu kale, na magofu ya misikiti yaliyoko Kua, katika kisiwa cha Juani, ni ushahidi wa jambo hilo. Wakristo ni wachache, na wengi wao wametoka bara kwa ajili ya kazi, kama walimu, wauguzi, askari na makarani. Basi Mkristo akaaye Kilindoni hufunga katikati ya majirani ambao wao wenyewe ni hodari wa kufunga, na mara nyingi hana budi kueleza afanyalo.

Tufikiri mwalimu kijana apita mbele ya baraza ya mzee jirani yake, saa nne ya asubuhi, na mkononi ana kikombe cha maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia ninyi nanyi mmefunga."

"Ndiyo, mzee, tumefunga."

"Mbona wanywa maji?"

Kijana hucheka tu, maana hana neno la kujibu. Lakini swali la mzee ni swali la haki, nalo lastahili jibu.

Jibu la kwanza ni kuwa kufunga kwa Kikristo hakukuwa tangu mwanzo kwa namna moja mahali pote. Wakristo wa Habeshi hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, wala hawali nyama, wala maziwa, wala mayai, na wengi wao hawatii kitu kinywani mpaka alasiri. Katika Kanisa Katoliki sheria zilikuwa kali zamani, lakini mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita alizipunguza. Tangu hapo siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ambazo mtu hula mlo mmoja wa kushiba na vyakula vidogo viwili. Na siku za Ijumaa haruhusiwi nyama. Lazima ya kufunga ni ya mtu aliyetimiza miaka 18 mpaka aingie mwaka wake wa 60. Wagonjwa na wanyonyeshao hawamo. Waanglikana wana siku za kufunga zilizoandikwa katika kitabu chao cha sala, na Walutheri huacha jambo hili katika dhamiri ya kila mtu. Maji hayakukatazwa na mojawapo ya makanisa haya matatu. Basi mwalimu wetu hakuvunja saumu yake, ingawa ingekuwa adabu njema kama angalikunywa ndani.

Neno lenyewe, Kwaresma, lafanana na neno la Kireno, nalo latoka katika Kilatini, na maana yake ni "ya arobaini". Hesabu hii ni ya zamani sana. Yatajwa katika amri za mkutano wa maaskofu wa Nikea, mwaka 325. Yafuata siku arobaini alizofunga Yesu jangwani. Lakini mwanafunzi ahesabuye kwa kalenda ataona 46, naye atadhani wazee walikosa hesabu. Hawakukosa. Jumapili sita zilizo katikati hazihesabiwi, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuo, wala hapana mfungo siku ya furaha. Mwaka 2025, mathalani, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na Pasaka tarehe 20 Aprili.

Mwaka huo Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Majivu, hata majirani wakafunga pamoja. Na mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, juma lile lile la kuandama Ramadhani. Haiwi hivyo kila mara, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma yapata siku 11 kila mwaka, lakini Kwaresma hufungwa kwa jua na mwezi pamoja. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu ulio tarehe 21 Machi au baada yake. Na mwezi ukiwa mpevu siku ya Jumapili, Pasaka hungoja Jumapili ifuatayo. Wavuvi wa Mafia, ambao huhesabu bamvua na maji mafu bila ya kalenda, hawatashindwa kufahamu jambo hili. Mimi niliona wasomi wa mjini wakishindwa.

Sasa nafika kwenye ugumu niliousema. Sheria ya kuacha nyama siku za Ijumaa iliwekwa na watu ambao kwao nyama ilikuwa anasa, na samaki kilikuwa chakula cha unyonge. Lakini Mafia samaki ndiye kitoweo cha kila siku, na nyama ya ng'ombe ni ya siku kubwa. Mtu akiacha nyama Ijumaa, akala changu wa kupaka kwa tui zito la nazi, na pweza juu yake, ametii sheria kwa herufi, lakini tumbo lake halikujua ya kuwa ni Kwaresma. Nafikiri huyu amepata karamu, wala si mfungo. Ulaya nako palikuwa na mabishano. Mwaka 1522, katika mji wa Zürich, watu wachache walikula soseji katika siku za Kwaresma nyumbani mwa mpiga chapa mmoja, na kasisi Zwingli akawatetea kwa kuhubiri ya kuwa Maandiko hayakuamuru mfungo huo. Jambo dogo la soseji likawa mwanzo wa mageuzi ya dini katika nchi ile.

Kwa hiyo Mkristo wa kisiwani na atafute kitu ambacho kwake ni kitu kweli. Kwa mmoja ni sukari katika chai. Kwa mwingine ni tumbaku, au tembo la mnazi, ambalo Mafia, kisiwa cha minazi, halipatikani mbali. Kwa mwingine ni ulimi wake. Na fedha isiyotumiwa isirudi mfukoni, maana desturi ya Kanisa imefunga mambo matatu pamoja, sala, saumu na sadaka. Atakayeacha sukari siku arobaini akainunua yote siku ya Pasaka amefanya akiba tu. Nabii Isaya, katika sura ya 58, ameonya vikali juu ya saumu isiyomfikia mwenye njaa. Na miezi hii ya mwisho wa kaskazi na mwanzo wa masika, chakula cha mwaka uliopita kikipungua ghalani, mwenye njaa hatafutwi mbali.

Jambo la mwisho ni kulegea. Juma la kwanza kila mtu ni shujaa. Juma la tatu mvua yanyesha, jembe lamngoja, na sala ya alfajiri yasahauliwa siku moja, kisha siku tatu, halafu mtu husema, "Mwaka huu nimekwisha kuharibu, nitaanza mwakani." Maneno haya ndiyo yanayovunja Kwaresma nyingi kuliko nyama na tembo. Ijumaa za Njia ya Msalaba, na vituo vyake 14, zafaa hasa kwa mtu huyu. Katika vituo hivyo vitatu ni vya Yesu kuanguka, na baada ya kila kimoja pana kituo kingine mbele yake. Aliyeanguka juma la tatu na aanze juma la nne, kwa jambo dogo kuliko lile la kwanza, nalo alifanye saa moja kila siku, kama mvuvi aangaliavyo maji kabla ya kushusha ngalawa.

Siku ya Jumapili ya Matawi Wakristo wa nchi za baridi hutafuta matawi kwa taabu, hata hutumia miti mingine. Mafia kuti la mnazi li mlangoni. Majani yale yaliyobarikiwa hayatupwi. Huwekwa nyumbani, yakakauka mwaka mzima, na kabla ya Kwaresma ifuatayo hukusanywa yakachomwa, na majivu yake ndiyo padri apakayo watu katika vipaji vya nyuso zao siku ya Jumatano.