Ulizeni Kwanza, Ndipo Mtume

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufukia nyumba za Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Sharika ziliguswa mno, nasi tukapokea marobota ya nguo kabla hatujauliza kinachohitajika. Kuyachambua, kuyahifadhi na kuyasafirisha ni gharama, na viatu vya upande mmoja (vilikuwamo!) havimfai mtu. Fedha zingenunua sufuria, magodoro na unga karibu, Babati.

Kwa hiyo tunaziomba kamati: ulizeni kwanza ofisini kwetu, nasi tutauliza kamati ya maafa ya wilaya. Changeni fedha, mpewe stakabadhi. Wanaojitolea wasiende bila kuitwa, maana nao watahitaji chakula na malazi.