Kufundisha Uteuzi wa Kompyuta ya Injini Baada ya Lori Kubadilishiwa Injini

Miongoni mwa malori yapitayo Barabara ya Mandela, kando ya Mabibo, yakitoka bandarini, hayakosekani yaliyobadilishiwa injini. Kazi ya kuing'oa injini na kupachika nyingine wanafunzi wetu huimudu mapema. Linalowashinda ni kuteua kompyuta iifaayo, ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kosa hapa si dogo: mwenye lori hulipia kifaa kisichofaa, gari hulala gereji, na fundi kijana hupoteza imani ya watu angali mwanzoni mwa kazi yake. Makala hii yaeleza namna ya kulifundisha somo hilo.

Mwalimu na aanze na jambo linalojulikana. Isuzu 4HF1 ina pampu ya mafuta ya kimakanika. Haihitaji kompyuta ili iwake. Isuzu 4HK1, yenye ujazo wa lita 5.2, hupeleka mafuta katika bomba moja lenye shinikizo kubwa, na kompyuta ndiyo iamuayo nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Basi lori la 4HF1 likipewa 4HK1, haitoshi kuleta injini peke yake. Huhitajiwa pia kompyuta yake, fungu lake la nyaya, na pedali ya mafuta yenye kihisio. Hivi vyote ni vema vinunuliwe pamoja, kutoka gari lile lile.

Baada ya hapo wanafunzi waongozwe kwa maswali manne, na kila jibu liandikwe daftarini kabla ya mtu kwenda Gerezani kununua chochote.

Kwanza, hii ni injini gani? Namba isomwe kwenye injini yenyewe, kwani kadi ya gari yaweza kuwa bado inataja injini ya zamani.

Pili, kompyuta ina namba gani? Tarakimu zote za kibandiko zinakiliwe. Jina la injini peke yake halitoshi, kwa kuwa 4HK1 zimetengenezwa zenye nguvu mbalimbali. Volti nazo zitazamwe: malori ya aina hiyo yaliyouzwa Marekani hutumia volti 12, hali mengi ya Japani hutumia 24.

Tatu, nozeli ni zipi? Nozeli nyingi za kisasa zina alama za kipimo chake, nazo huingizwa katika kompyuta kwa kifaa maalumu. Zisipolingana, injini yaweza kutetema au kutoa moshi.

Nne, gari linaitaka kompyuta iseme na nani? Huenda ikawa ni giaboksi, saa za dashibodi, au ufunguo wenye kinga ya wizi. Kinga hiyo isipotambua ufunguo, injini yaweza kukataa kuwaka ingawa kompyuta ni nzima.

Kwa zoezi, mwalimu aweke mezani kompyuta mbili zenye soketi za namna moja lakini namba tofauti, awaulize wanafunzi ipi inafaa. Wengi watajibu kwa kujaribu kuzichomeka. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo: soketi kuingia si ushahidi wa kufaa. Kompyuta isiyo yake yaweza kuiwasha injini, kisha ikamimina mafuta kupita kiasi hata pistoni zikaungua safarini, mbali na msaada.

Mwisho, kabla ya kuunganisha betri, wanafunzi wapime nyaya za umeme na za ardhi kwa mita, wakilinganisha na mchoro. Injini ikiisha kuwaka, wasome orodha ya makosa kwa kifaa cha uchunguzi.

Katika kusahihisha, mwalimu asitoe alama kwa injini kuwaka tu. Atoe pia kwa daftari lenye majibu manne kamili. Mwanafunzi aliyezoea kuandika kabla ya kununua atamwokolea mwenye lori fedha nyingi, naye mwenyewe atajijengea jina.