Je, Wajua? Maharage Hushindwa na Usiku

Chukua punje za kablanketi, yale maharage ya zambarau yenye madoadoa ambayo watu wa Mbeya hawaachi kuyasifu, uzipande kwenye ndoo katika balkoni ya ghorofa moja ya Dubai Silicon Oasis mwezi wa Aprili. Zitaota baada ya siku chache, zitoe majani mapana, zitoe na maua. Halafu maua yataanza kupukutika moja moja hadi yaishe, na ganda hutaliona. Mwenye ndoo ataongeza maji, ataongeza mbolea, atalilaumu jua. Jua lina makosa yake, lakini mkosaji mkubwa ni usiku.

Maharage ya kawaida si ya kwetu kwa asili, ingawa tumeyala hadi tukadhani tumezaliwa nayo. Wakulima wa kale wa Amerika ndio walioyatoa porini, tena katika sehemu mbili zilizo mbali, Meksiko na milima ya Andes, na wanahistoria wengi huona kwamba yalifika pwani yetu kwa vyombo vya Wareno kuanzia karne ya 16. Yakapanda milimani: Kilimanjaro, Mbeya, Kigoma, Kivu, Rwanda. Hakuna ajabu. Huko ndiko yalikokuta usiku wa baridi kama wa nyumbani kwao. Chavua ya maharage hutengenezwa na kukomaa kwa utulivu usiku ukiwa na ubaridi. Nyuzijoto za usiku zikipita 20 hivi na za mchana zikipita 30, chavua huanza kuwa tasa na ua lisilorutubishwa huachiliwa lidondoke. Mwezi wa Julai, usiku wa Dubai haushuki sana chini ya nyuzi 30. Mmea unaishi, ila hauzai.

Silicon Oasis yenyewe haikujengwa kwa ajili ya wakulima. Ni eneo huru la kampuni za teknolojia, kilomita za mraba 7.2 kando ya barabara ya Dubai kwenda Al Ain, lililowekwa kisheria mwaka 2005. Humo mna ofisi, vyuo na nyumba za kupanga, na hutakosa kusikia Kiswahili kwenye lifti. Anayetaka kulima huko analima kwenye ndoo, na anayelima kwenye ndoo hana budi kufuata kalenda. Maharage ya milimani yapandwe Novemba. Yatatoa maua mwisho wa Desemba au Januari, wakati usiku umeshuka hadi nyuzi 15 hivi, na maganda yatakauka Februari au Machi, kabla joto halijarudi.

Mwenye nia ya kutunza mbegu hana haja ya kuogopa kwamba aina zake zitachanganyika. Tafuta tumba la ua la maharage ambalo litafunguka kesho, ulipasue taratibu kwa ukucha. Petali mbili za chini zimeungana na kujisokota duara, na ndani ya msokoto huo vifuko vya chavua vimeshapasuka, unga wa njano umeshashika mahali pake. Ndoa imefungwa kabla mgeni hajabisha hodi; nyuki akija asubuhi, amechelewa. Ndiyo maana unaweza kupanda kablanketi na maharage ya njano ya Kigoma kwa umbali wa mita chache, na kila aina ikabaki na sura yake mwaka hadi mwaka. Mara chache hutokea mseto. Mche ukitoa punje usizozifahamu, uzile, usizitunze. Bakla, ambayo Waarabu huiita ful, haina adabu hiyo: nyuki huichanganya sana, na anayetaka aina safi apande aina moja tu.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kula maganda mazuri na kutunza masalia. Mbegu za asili kwa kawaida ni mchanganyiko wa koo nyingi zinazofanana sura, na katika ndoo kumi za mbegu moja utaona miche miwili au mitatu inayoshika maganda hata baada ya wiki ya joto, huku mingine ikipukutisha. Hiyo ndiyo ifungwe uzi mwekundu, na isiguswe hadi ikauke. Mkulima wa kijijini hufanya hivyo bila kusoma jenetiki, na baada ya miaka kadhaa mbegu yake huwa na tabia ya shamba lake.

Balkoni ina adui mwingine, nayo ni chumvi. Maji yakikauka kwenye ndoo huacha chumvi yake na ya mbolea, na baada ya muda utaona ukoko mweupe ukingoni. Maharage ni miongoni mwa mazao yanayoiogopa chumvi kuliko yote. Wataalamu huipima kwa desisimensi kwa mita: maharage huanza kupunguza mavuno kipimo kikizidi 1, wakati kunde huvumilia hadi karibu 5. Dawa yake ni kumwagilia kwa wingi mara moja moja mpaka maji yatoke chini ya ndoo, yaondoke na chumvi.

Tukishafika kwenye kunde, nakiri upendeleo. Hii ni yetu kweli. Imetokea Afrika, ikavuka bahari hadi India zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na leo Mhindi mwenye duka Dubai anakuuzia kwa jina la lobia, kilo kwa kilo, kama chakula tu. Weka punje kumi kwenye kitambaa kibichi kwa siku nne; zikichipua nane, una mbegu. Kunde huvumilia joto la mchana ambalo hukunja majani ya maharage, huokota bakteria wa kutengeneza naitrojeni bila kuchagua sana, na hata isipozaa, majani yake ni mboga ya jioni. Nayo ina mpaka wake. Anthony Hall wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, alitumia miaka mingi kuchunguza kwa nini kunde nazo hupukutisha maua usiku ukiwa na joto, na kazi hiyo ikazaa aina ya California Blackeye 27, iliyotolewa mwaka 1999. Kwa hiyo hata kunde isipandwe Mei ukitarajia miujiza.

Fiwi ina kisa cha aina yake. Wakikuyu huiita njahi na humpikia mzazi; Arusha wanaiita ngwara. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi, wakiwemo wa ILRI jijini Nairobi, walichapisha jenomu yake na kuthibitisha kwamba iliingizwa kwenye kilimo mara mbili, mbali mbali. Inastahimili joto na ukame vizuri sana. Lakini aina nyingi za kienyeji huhesabu urefu wa usiku kabla ya kutoa maua. Karibu na ikweta, mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Dubai iko nyuzi 25 kaskazini: mwezi wa Juni mchana unakaribia saa 14, Desemba ni saa 10 na nusu. Fiwi iliyopandwa Machi itatambaa reli nzima ya balkoni, ifunike kamba ya nguo, ipendeze, na isitoe ua hata moja hadi usiku urefuke. Ipandwe Agosti au Septemba. (Punje nyeusi zichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe, zina viambata vya sianidi.)

Kukausha ni nusu ya kazi yote. Ganda liachwe mtini hadi likauke na punje zicheze ndani, kisha punje zitandazwe kivulini, kamwe si juu ya bati la moto. Weka moja kwenye jiwe uigonge na nyundo: ikibonyea, bado, ikivunjika vipande, tayari. James Harrington wa California aliacha kanuni ambayo watunza mbegu huitumia hadi leo: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka maradufu, na joto la ghala likishuka nyuzi 5 hivi, huongezeka maradufu tena. Chupa yenye mfuniko unaobana vizuri ndani ya friji basi si anasa.

Kabla ya friji, wadudu. Jike wa mdudu anayebungua kunde hubandika mayai juu ya ganda la punje, vidoa vyeupe unavyoweza kuviona kwa macho. Kiluwiluwi hutoboa na kuingia, hula kwa ndani, na baada ya wiki chache mtu mzima hutoka kwa tundu la duara kamili. Bibi zetu walichanganya mbegu na majivu. Mwenye friza azifunge punje zilizokauka kabisa, aziache humo wiki nzima, kisha aiache chupa ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo itavuta unyevu.

Jirani na Silicon Oasis, upande wa Academic City, kuna watu wanaofanya kazi hiyohiyo kwa mashine kubwa. Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Maeneo ya Chumvi, ICBA, kilianzishwa mwaka 1999, na benki yake ina zaidi ya sampuli 13,000 za mbegu za mimea inayovumilia chumvi, joto na ukame. Kukausha, kupoza, kupima uotaji: kanuni ni zilezile za chupa ya friji.

Kuna wakati kazi hii ya kutunza mbegu iligusa sheria. Nchini Kenya, kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kulikuwa kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaona vifungu hivyo vinakiuka katiba. Ilikuwa haki yao, kwani mbegu wanazopeana majirani ndizo zilizolisha nchi kabla ya pakiti yoyote.

Kubeba mbegu kuvuka mpaka ni suala jingine, na hapo sheria ina sababu: yai la mdudu halionekani kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Ukitoka likizo na kablanketi za mama, mbegu zinahitaji cheti cha afya ya mimea kwa ajili ya Falme za Kiarabu. Nchini Kenya hutolewa na KEPHIS, nchini Tanzania na TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, na huombwa kabla ya kupanda ndege.