Mbona nyumba imetwaliwa na mwenyewe yuko nje?

Uzi kidogo, wakuu. Kila siasa ikichemka swali hili linarudi, na kila mara watu wanatukanana bila kusikizana. Huyu anasema: "Kama yule jamaa ni muuza unga, mbona hajafungwa?" Mwingine anajibu: "Korti imetwaa nyumba zake, unataka kuambiwa nini tena?" Mimi ni mtu wa kusoma hukumu za kesi hizi, kwa hivyo wacha nieleze vile sheria yenyewe inaenda. Wanasiasa sitawataja hapa. Mkiwataja nyinyi, hiyo ni yenu.

Kwanza, hao wawili wanaongea juu ya kesi mbili tofauti na hawajui.

Kesi ya kwanza ni ya jinai. Mtu anashtakiwa, anasimama kizimbani, na upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa pasipo shaka. Akipatikana na hatia anafungwa. Hii ndiyo wengi wetu tunaijua.

Kesi ya pili inashtaki mali. Ndiyo, mali. Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji wa Pesa, ya mwaka 2009, ina sehemu nzima inayoruhusu Shirika la Kurejesha Mali, ARA, kwenda Korti Kuu na kusema: hii nyumba, hili gari, hizi pesa kwa akaunti, zimetokana na uhalifu. Hiyo ni kesi ya madai. Hakuna wa kufungwa. ARA haihitaji kuthibitisha pasipo shaka, inahitaji tu kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi mali hiyo ni ya uhalifu kuliko kwamba si ya uhalifu. Na sheria inasema waziwazi kwamba matokeo ya kesi ya jinai hayabatilishi amri ya kutwaa mali. Mtu anaweza kuachiliwa huru kwa kesi ya kwanza na bado apoteze ghorofa kwa kesi ya pili. Anaweza pia kupoteza ghorofa bila kushtakiwa hata siku moja.

Sasa mtaniuliza, na Katiba je? Si kuna haki ya kumiliki mali? Ipo, Kifungu cha 40. Lakini soma hadi mwisho: Kifungu cha 40(6) kinasema haki hizo hazihusu mali iliyobainika kupatikana kwa njia isiyo halali. Mjadala wa kweli uko kwa hilo neno "kubainika". Nani anabainisha, na kwa ushahidi gani?

Utaratibu huanza kimyakimya. ARA inaenda kortini bila kukuambia, inaomba amri ya kuzuia mali isiuzwe wala kuhamishwa. Na hapo siwalaumu, maana ukimpigia mtu simu kwamba kesho unafunga akaunti yake, leo jioni itakuwa tupu. Baada ya amri, ARA ina siku 21 kuwajulisha wenye mali na kuchapisha notisi kwa Gazeti Rasmi la Serikali. Tangu notisi ichapishwe, amri ina uhai wa siku 90. ARA isipoomba kutwaa mali ndani ya muda huo, amri inakufa. Kwa hivyo mkisikia mwanasiasa anapiga kifua jukwaani kwamba "tumenasa mali ya mabilioni", muulizeni: ni amri ya kuzuia au ni amri ya kutwaa? Ya kwanza ni kufuli tu. Nyingi hushangiliwa zikiwa bado kufuli.

Kufikia kusikizwa, ARA inaanza yenyewe kuonyesha sababu zake. Pesa iliingia kutoka wapi, ilitoka lini, ilienda kwa nani. Ikifika mahali ambapo hadithi yake ina uzito, mzigo wa kueleza unahamia kwako. Na hapa ndipo watu huanguka vibaya. "Mimi ni mfanyabiashara" haitoshi. Biashara gani? Ankara ziko wapi? Ulilipa ushuru? Mtu anasema anauza magari na hana hata hati moja ya kuingiza gari kupitia bandari ya Mombasa.

Haya, tuvuke mpaka, kwa sababu hapo ndipo mjadala huwa na uongo mwingi.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni moja Ujerumani inapata barua pepe inayofanana kabisa na ya muuzaji wake wa kila siku: "tumebadilisha akaunti, lipeni hapa." Wanalipa. Pesa inatua Nairobi kwa akaunti ya kijana wa miaka 23, tumuite Kevo. Siku hiyohiyo inakatwa vipande: nyingine inatolewa taslimu, nyingine inaenda kwa laini sita za simu, nyingine inalipia ploti Kitengela kwa jina la shemeji ya mtu. Mwaka mmoja baadaye ploti ina nyumba za kupangisha na wapangaji wanalipa kodi kila mwezi.

Mtu atakuambia: uhalifu ulifanyika Ujerumani, Kenya inahusika vipi? Inahusika. Sheria yetu inahesabu pia kosa chini ya sheria ya nchi nyingine, bora tu kitendo chenyewe kingekuwa kosa kama kingefanyika hapa. Ulaghai ni kosa hapa. Ulanguzi wa mihadarati ni kosa hapa. Basi. Na maana ya mapato ya uhalifu ni pana sana: pesa yenyewe, kile ilichogeuka kuwa, ile sehemu iliyochanganywa na pesa halali, hata faida iliyozaliwa baadaye. Kodi ya zile nyumba za Kitengela imo.

Na Kevo? Yeye alipewa elfu ishirini "akopeshe akaunti" siku mbili. Huyu ndiye ninayemwogopea kuliko wote kwa huu uzi, kwa sababu vijana wengi wanaonisoma wako mahali pake. Sheria haisemi lazima awe alijua. Inasema alijua, au alipaswa kujua. Mtu asiye na kazi akiingiziwa mamilioni kutoka kampuni ya Ulaya asiyoijua, hakimu atauliza mtu mwenye akili timamu angefikiria nini. Adhabu ni hadi miaka 14 jela, au faini ya hadi milioni 5 au thamani ya mali yenyewe, ile iliyo kubwa zaidi, au kifungo na faini pamoja. Yule aliyeandika barua pepe wala hajulikani yuko nchi gani. Jina lililo kwa karatasi ya benki ni la Kevo.

Mnunuzi wa kweli analindwa. Kama ulinunua ile ploti kihalali, kwa bei isiyo chini sana ya thamani yake, na hukuwa na sababu ya kushuku, unaweza kuomba korti iondoe haki yako kwa amri. Lakini ukiuziwa ploti ya milioni sita kwa milioni mbili taslimu, usitegemee hiyo.

Kuhusu dawa za kulevya, mfano ambao kila mtu huuleta ni wa ndugu wa Akasha, Mombasa. Walikamatwa Novemba 2014. Marekani iliwataka kwa sababu sheria yake inamfikia hata mtu aliye nje anayesambaza dawa akijua zinaelekea kwao. Januari 2017 walisafirishwa kwenda New York huku kesi ya kuamua kama wapelekwe ikiwa bado kortini hapa. Oktoba 2018 wakakiri makosa. Baktash akapata miaka 25 mwaka 2019.

Kuna wanaosema kwa vile walikiri, njia waliyopelekwa haijalishi. Mimi sikubali. Tuna sheria za kuwapeleka washukiwa nje ya nchi, na tuna Sheria ya Usaidizi wa Kisheria kati ya Mataifa ya 2011, ya kuomba na kutoa ushahidi. Zikirukwa kwa mtu ambaye hakuna anayemhurumia, kesho zitarukwa kwa mwingine. Lakini upande wa pili pia ujibu: kesi ilikaa zaidi ya miaka miwili kwa korti zetu bila kufika popote, na waendesha mashtaka wa Marekani walidai ucheleweshaji huo ulinunuliwa kwa hongo. Hiyo sehemu majukwaani huwa hairudiwi.

Halafu kuna hii ya orodha ya kijivu. Februari 2024, FATF, ile jopo la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa pesa, iliiweka Kenya kwa orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Serikali ikapitisha marekebisho zaidi ya sheria mwaka 2025. Sawa. Lakini malalamiko makubwa hayakuwa juu ya maandishi ya sheria peke yake, yalikuwa pia juu ya uchunguzi na mashtaka yanayofikishwa kortini kweli.

Na hapo nina shaka yangu. Njia ya kutwaa mali ni rahisi kuliko njia ya jinai, kwa hivyo maafisa wanaipenda. Nyumba inachukuliwa, picha inapigwa, na kitabu kinafungwa. Nani alileta mzigo, nani pale benki alifumba macho, nani alipokea michango ya harambee kutoka kwa hizo pesa, hayo hayaulizwi kwa kesi ya madai, kwa sababu mshtakiwa ni nyumba na nyumba haina mdomo.

Kwa hivyo mheshimiwa wa upande wowote akija na orodha ya mali zilizotwaliwa, mpeni maswali mawili. Katika hizo kesi, ni watu wangapi Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliwapeleka kizimbani? Na pesa ziko wapi sasa? Sheria imeunda hazina maalum ya mali iliyorejeshwa, na kilichowekwa humo kinapaswa kuwa na hesabu. Ile kampuni ya Ujerumani ya mfano wetu nayo ingependa kujua.

Mkitaka kufuatilia wenyewe, Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa, na notisi za ARA zimo humo na namba za akaunti, za magari na za mashamba. Hukumu zenyewe ziko bure kwa tovuti ya Kenya Law. Anzeni na zile za kitengo cha ufisadi na uhalifu wa kiuchumi, Milimani. Habari ya mawakili kulazimishwa kuripoti wateja wao nitaiandikia uzi wake, hiyo ni vita nyingine kabisa.