Sura ya Sita: Pua Haitoshi

Kisiwani Pemba, mali ya mkarafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Tumba likishachambuliwa hubaki vikonyo, navyo huitwa makonyo. Makonyo hayatupwi. Hupelekwa Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda ambacho watu wamekipa jina la malighafi yake, Kiwanda cha Makonyo, yakatolewe mafuta. Mafuta hayo hayakamuliwi kama ya nazi au ya ufuta. Huchukuliwa na mvuke.

Mkemia anayechunguza mafuta ya namna hii huanza na chupa iliyo mezani, lakini akiifanya kazi yake kwa ukamilifu hujikuta shambani akichota udongo na mtoni akichota maji. Mafuta hutoka kwenye mmea, mmea hutoka kwenye udongo, na kiwanda kinachoyatoa hutumia maji na kuyarudisha. Anayepima kimoja na kuacha viwili hajaijua habari yote. Hilo ndilo tutakaloliona katika sura hii.

Mvuke unavyobeba mafuta

Tumba kavu la karafuu hubeba mafuta ya kunukia yanayofikia asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo yana kidogo zaidi, asilimia 5 au 6 hivi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali moja, yujenoli. Ndiyo inayotuliza jino linalouma, na ndiyo ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda.

Yujenoli ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 254 za Selsiasi. Ukiyapasha makonyo moto wa kiasi hicho yataungua, na harufu yake itaharibika. Maji ndiyo yanayotatua tatizo hili. Mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Misukumo ya mivuke hiyo miwili ikijumlishwa na kulingana na msukumo wa hewa, vyote viwili huchemka pamoja, na hilo hutokea chini kidogo ya nyuzi 100. Mvuke unaopenya kwenye makonyo huondoka na mafuta. Ukishapozwa hugeuka kimiminika, na mafuta hujitenga na maji yenyewe. Ya mchaichai na ya mkaratusi huelea juu. Ya karafuu huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji.

Maabara hufanya kazi hiyohiyo kwa chombo kidogo cha kioo kilichobuniwa na Mmarekani J. F. Clevenger na kutangazwa mwaka 1928. Maji yaliyopozwa hurudi chunguni yenyewe, na mafuta hukusanyika kwenye mrija wenye alama za vipimo. Clevenger alitengeneza aina mbili, moja kwa mafuta yanayoelea na nyingine kwa yanayozama. Gramu mia moja za majani au matumba zinatosha kumwambia mkemia kama shamba lina mafuta ya kutosha kulipia kuni, maji na vibarua.

Kilichomo ndani ya tone

Pua ya mfanyabiashara mzoefu ni kipimo cha kuheshimiwa. Hutambua karafuu mbichi, karafuu iliyovunda na karafuu iliyoanikwa vizuri juani. Lakini tone moja la mafuta ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na pua haiwezi kuzihesabu.

Njia ya kuzitenganisha ilianzia kwa mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, aliyetenganisha rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuzipitisha kwenye bomba lililojazwa unga wa chokaa. Mwaka 1952 Waingereza Archer Martin na A. T. James walionyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa mvuke. Leo mkemia huchoma sindano ya mafuta, kiasi cha sehemu moja ya milioni ya lita, kwenye mrija mwembamba wenye urefu wa mita 30 hivi uliozungushwa ndani ya tanuri. Gesi husukuma mvuke wa mafuta mbele. Kemikali zake hufanya kama wasafiri walioondoka pamoja: wapo wanaosimama kila duka, na wapo wasiogeuza shingo. Kila moja hufika mwisho wa mrija kwa wakati wake, na mashine huchora kilele kwenye karatasi kila inapofika. Urefu wa muda huonyesha ni kemikali gani, na ukubwa wa kilele huonyesha ni kiasi gani. Mashine ya pili huzivunja molekuli na kupima uzito wa vipande. Molekuli ya yujenoli ina uzito wa 164, na huvunjika kwa namna yake, hivyo ni vigumu kuichanganya na nyingine.

Faida ya vipimo hivi ni ya moja kwa moja. Mafuta ya tumba na mafuta ya makonyo yote yana yujenoli nyingi, na mnunuzi asiye na maabara anaweza kuuziwa ya makonyo kwa bei ya tumba. Tofauti yao imo kwenye asetati ya yujenoli, ambayo ni nyingi zaidi katika tumba na ni haba katika makonyo. Mkemia huiona kwenye karatasi bila kubahatisha. Mkulima mwaminifu hulindwa zaidi na kipimo hicho kuliko anavyolindwa na neno lake.

Udongo una sehemu yake

Mimea miwili ya kivumbasi inaweza kufanana kwa jani na kwa ua, lakini mafuta ya mmoja yakawa na yujenoli nyingi na ya mwingine yakawa na thaimoli. Tofauti ya namna hiyo hutokana kwanza na mbegu. Kisha huja msimu, saa ya kuvuna, namna ya kuanika, na udongo. Mara nyingi udongo hauamui mmea utengeneze kemikali gani. Huamua utatoa majani kiasi gani, na kwa hiyo mafuta kiasi gani.

Ndiyo sababu mkemia hupima uchachu wa udongo, kaboni yake na naitrojeni yake. Kipimo cha naitrojeni kinachotumika hadi leo kilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg, Denmark. Alitaka kujua protini iliyomo kwenye nafaka, na wakulima wa dunia nzima wakafaidika. Lakini mashine nzuri haiokoi sampuli mbaya. Udongo huchotwa sehemu 15 au 20 za shamba, kwa kina cha sentimita 20 hivi, ukachanganywa ndoo moja, na humo ndimo hutolewa kiasi cha kupeleka maabara. Anayechota sehemu moja chini ya mti anaupima mti huo, shamba hajalipima.

Maji yanayobaki

Mafuta yakishatolewa, hubaki makapi na maji ya kahawia. Wengi hudhani kuwa maji hayo, kwa kuwa yametoka kwenye mmea, hayana madhara. Dhana hiyo si kweli. Watafiti wa samaki hutumia mafuta ya karafuu kuwalaza samaki kabla ya kuwapima, na makumi ya miligramu kwa lita moja ya maji yanatosha. Kiasi kikizidi, samaki haamki. Kinachotuliza jino letu huzima pumzi ya kiumbe mwingine, na mto hautofautishi kemikali ya kiwandani na kemikali ya jani.

Tatizo la pili ni oksijeni. Maji safi yenye nyuzijoto 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Bakteria wanapokula mabaki ya mimea huimaliza. Lajos Winkler wa Hungaria alibuni mwaka 1888 njia ya kuipima kwa matone ya kemikali, na mpaka sasa njia hiyo inafundishwa vyuoni. Mkemia hupima oksijeni ya maji, huyaweka kwenye chupa gizani kwa siku 5 katika nyuzi 20, kisha hupima tena. Oksijeni iliyopotea humwambia mzigo ambao mto umetwishwa.

Na maji hupotea hata kabla ya kuchafuliwa. Visiwa vya Komoro vinasifika duniani kwa mafuta ya langilangi, na kuyatoa maua hayo mafuta kunaweza kuchukua hadi saa 20 za moto wa kuni. Kisiwani Nzwani, miti imekatwa kwa kilimo, kwa majiko ya nyumbani na kwa mitambo hiyo, na mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Majiko yanayotumia kuni chache na miti iliyopandwa kwa ajili ya kuni ni sehemu ya gharama ya mafuta, ingawa haviandikwi kwenye chupa.

Sumu isiyo na harufu

Hadi hapa pua imetusaidia kidogo. Kuna mahali ambapo haisaidii hata kidogo. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, mawe ya volkano huyapa maji floraidi. Maji hayo huweza kuwa meupe, baridi na matamu, nayo yakawatia watoto meno ya kahawia, na kwa miaka mingi yakapinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, yaani gramu moja na nusu katika lita elfu moja. Kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kukubali hadi 4, kwa kuwa vyanzo vingi visingefikia kiwango cha chini ya hapo.

Kuyachemsha maji hayo hakusaidii. Maji huondoka kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanyia kazi mkaa wa mifupa, ambao madini yake huishika floraidi maji yanapopita. Chujio hilo nalo huchoka, na hakuna anayeweza kujua limechoka bila kupima.

Basi msomaji anayelima mchaichai, mrehani au karafuu, na anayefikiria kununua mtambo wa mafuta pamoja na wenzake, asianze na bei ya mtambo. Apeleke kwanza udongo wa shamba maabara. Ayapime maji ya mto juu na chini ya mahali mtambo utakapokaa, na arudie baada ya kuanza kazi. Ajue kuni zitatoka wapi. Aombe cheti cha mafuta yake na akisome. Vyuo vyetu vina wakemia wenye ujuzi huo, na vijiji vina haki ya kuyadai majibu yao kwa lugha inayoeleweka. Mafuta yaliyopimwa huku mto ukiachwa bila kupimwa ni kazi nusu, na nusu iliyobaki hulipwa na wanaokunywa maji hayo.