Siku Moja Mlimani: Yatosha kwa Lipi?

Wajumbe wengi wanaokuja Moshi kwa mikutano ya kitabibu hubakiwa na siku moja ya mapumziko, na asubuhi mawingu yakipisha, mlima huo hapo. Siku hiyo yatosha kuufurahia Kilimanjaro. Haitoshi kuufikia upeo wake. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na huko kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea hali hiyo. Ndiyo maana, juu ya mita 3,000, hushauriwa mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku.

Kwa siku moja, zipo safari mbili zinazofaa. Ya kwanza ni Materuni au Marangu, penye maporomoko ya maji na vihamba vya Wachaga, ambamo kahawa hustawi kivulini mwa migomba. Ya pili ni kupanda kwa miguu pamoja na mwongoza watalii kutoka lango la Marangu, kupitia msituni hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, na kurejea kabla ya jioni.

Mwenye selimundu, maradhi ya moyo au ya mapafu, na mama mjamzito, wamwone daktari kwanza. Njiani, kichwa kikiuma au kichefuchefu kikianza, usiendelee kupanda. Ukipepesuka, au ukihema hata ukiwa umeketi, teremka mara moja: tiba kuu ni kushuka.