Friza Isitolewe Kwenye RCD

Mvua inanyesha usiku, maji yanaingia kwenye taa ya getini, na RCD iliyo kwenye kisanduku cha breka inakata umeme wa nyumba nzima. Wenye nyumba wakiwa safarini, watarudi wakute samaki wameozea ndani ya friza. Hapo huitwa fundi, naye mara nyingi huja na jibu lake tayari: "Tuitoe friza kwenye RCD, tuipe breka yake peke yake." Kazi ni ya muda mfupi, na friza haitazimika tena ovyo. Tatizo ni kwamba ulinzi nao umeondoka.

Breka ya kawaida huangalia wingi wa umeme unaopita, ili nyaya zisipate moto kupita kiasi. RCD hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro. Viwango vikipishana, kuna umeme unaovuja, pengine kupitia mwili wa mtu. RCD inayotumika kulinda watu majumbani hukata uvujaji unapofika miliampea 30, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Breka ya ampea 16 haiwezi kuuona uvujaji huo, maana yenyewe huruhusu zaidi ya mara 500 ya kiasi hicho.

Utaambiwa usihofu, friza ina ethi. Tupige hesabu. Nyumba zetu nyingi hutegemea fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje ya ukuta. Tuseme ukinzani wake ni omu 50, jambo lisilo la ajabu kwenye udongo wa mchanga wakati wa kiangazi. Waya wa moto ukigusa bodi ya friza, volti 230 ukizigawa kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya 16 haitashtuka. Bodi itabaki na karibu volti 230 zote, na atakayegundua ni yule anayefungua mlango akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyolowa.

Nyutro nayo ina mtego wake. Fundi akichukua moto kabla ya RCD, kisha akaiacha nyutro ya friza kwenye baa iliyo baada ya RCD, umeme utarudi kupitia kifaa ambacho haukupitia wakati wa kwenda. Friza ikianza kufanya kazi tu, RCD inakata na nyumba nzima inazima. Friza nayo inanyamaza, lakini waya wake wa moto bado una umeme. Anayeigusa akidhani imezimwa yumo hatarini.

Dawa ya kwanza ni kutafuta panapovuja. Fundi mwenye mega, yaani kipimo cha ukingaji wa nyaya, atapima kila sakiti, na mara nyingi atakuta taa ya nje iliyoingia maji au kifaa chakavu. Pia akumbuke kwamba vifaa vingi huvuja kidogo kidogo, na RCD ya miliampea 30 inaweza kukata jumla ya uvujaji huo ikishavuka 15.

Dawa ya pili ni RCBO, yaani breka na RCD ndani ya kifaa kimoja. Ifungwe kabla ya RCD kuu, na nyutro ya friza ipite humo humo. Taa ya getini ikilowa, friza itaendelea kugandisha. Friza yenyewe ikivuja, itazimika peke yake. Ni ghali kuliko breka ya kawaida, lakini hakuna anayeachwa bila kinga.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni: ya EWURA kwa Tanzania, ya EPRA kwa Kenya. Kabla hajaondoka, mwambie abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD na cha RCBO mbele yako. Kifaa kisichokata kinapobonyezwa kibadilishwe siku hiyo hiyo.